Gundi Niliyoipaka Chini ya Chupa Yako

Mwanangu Sekela,

Salamu sikuandikii, maana leo tumeshinda wote karibu siku nzima na mkono wangu bado unauma kwa kulikandamiza begi lako lifunge zipu. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, umesema utarudi mapema tule pamoja. Mimi nimekaa kwenye kitanda chako, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la fizikia, zile kurasa ambazo hukuziandika, usininunie. Kalamu naishika kama mwiko, unajua mwenyewe. Darasa la nne nililoishia kule kijijini Ibaba halikunifundisha barua ndefu, lakini hii lazima iwe ndefu, maana kwa mdomo imenishinda miaka miwili.

Mambo ya sweta la baridi ya Arusha, mambo ya kutokula hovyo njiani, mambo ya simu iwe na chaji, hayo nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, yamejaa, hata masikio hayafungi." Siyarudii. Nataka kusema habari ya chupa ya chai. Ile ya Vwawa. Najua ukifika hapa utataka kuikunja karatasi uiweke chini ya mto. Usiikunje, mwanangu. Nivumilie mpaka mwisho hata kama mwandiko unapanda mlima.

Nianzie mbali kidogo, siyo kwa kukwepa. Au labda nakwepa, sijui.

Chupa za chai zimekula ujana wangu. Ulipokuwa mdogo nilikuwa natoka alfajiri na chupa tatu kwenye kikapu, nakwenda kwenye foleni ya malori, natembea toka lori la kwanza mpaka kule mwisho Mpemba, "Chai, maandazi, chai ya tangawizi." Unaijua baridi ya hapa Tunduma mwezi wa sita. Ukisuuza chupa kwa maji ya baridi halafu ukamimina chai inayochemka bila kuipasha kwanza, unasikia pah! ndani kwa ndani. Ukiitikisa inalia kama njugu. Hapo umebaki na bati lenye maua. Chupa ya bibi yako haikuwa hivyo. Ile ulikuwa unazungusha kitako, kinatoka, unatoa kioo kilichopasuka, unaweka kingine, unafunga. Bibi yako alikuwa na chupa moja tangu mimi natambaa mpaka naolewa, vioo tu ndivyo vilivyokuwa vinabadilika. Hizi zetu kitako kimegandishwa. Kioo kikipasuka, nilikuwa natupa nyuma ya choo, natukana, nanunua nyingine.

Wewe ulianzia hapo nyuma ya choo. Ulikuwa na miaka kama kumi. Nilikukuta umekaa katikati ya yale mabati, umejikata kidole, umekishika mdomoni, unaniuliza:

"Mama, aliyeitengeneza hii alijua kioo kitapasuka?"

"Alijua. Kioo ni kioo."

"Sasa mbona kaifunga isifunguke?"

"Ili mama yako anunue nyingine."

"Kwa hiyo kafanya makusudi!"

Nikakwambia kula andazi unyamaze. Lakini nilikuona umekasirika kweli, kama vile huyo mtu unamfahamu, kama vile anakaa nyumba ya tatu toka kwetu. Tangu siku hiyo kila chupa iliyokufa ulikuwa unaichukua. Ulikuwa unazifungua kwa maji ya moto, kwa kisu changu cha vitunguu, kwa uzi, unazipanga kwenye mkeka: hapa mikono, hapa vifuniko, hapa mabati. Mimi nilikuwa naona uchafu. Nakiri. Nilikuwa nasubiri uende shule nizitupe, na mara mbili nilizitupa.

Lazima nikwambie kitu ambacho sijakwambia, siyo siri kubwa, ni aibu tu. Kule Ibaba nilikuwa na gauni moja la shule. Mama alilishona viraka, kimoja cha bluu, kimoja cha kijani, kingine sijui alikitoa wapi, chekundu, mgongoni. Watoto wakanipa jina, Ramani. Nikiingia darasani wanauliza, "Ramani, leo umevaa nchi ngapi?" Hata mwalimu siku moja alicheka, akajifanya anakohoa. Watu husema niliacha shule kwa sababu ya ada. Ni kweli na siyo kweli. Niliacha ili lile jina life. Tangu hapo, mwanangu, kitu chochote kinachoonyesha kwamba kimetengenezwa upya kilikuwa kinanichoma. Nilikuwa radhi tukose kuliko tuonekane tumeunga-unga. Unakumbuka viatu vyako vya darasa la tano, vile ulivyovishona soli kwa mshipi wa kuvulia samaki na vikawa vizima? Nilisema vimeibwa. Havikuibwa. Nilivitupa mimi, ukaenda na kandambili wiki mbili.

Basi huyo ndiye mama uliyekuwa unaishi naye ulipoanza kwenda kwa Mzee Hamisi.

Mzee alikuwa hataki. Alikuwa anasubu sufuria zake pale karibu na mashine ya kusaga, anayeyusha pistoni za malori na sufuria zilizotoboka, anamimina, zinatoka mpya. Akaniambia, "Mama Sekela, mzuie mtoto wako. Moto huu utamla nyusi." Wiki haikuisha ukarudi nyumbani nyusi ya kushoto haipo. Nikakimbia kwake nimefura, naye ananisubiri mlangoni, mikono nyuma: "Nilisema nini? Si nilitaja kabisa na kiungo?" Akakuita Nusu Nyusi toka siku hiyo, na wewe ukawa unamwita babu. Nilikuwa nawasikia mkibishana mpaka barabarani.

"Babu, uzi wa kuzungushia kitako uwe mpana."

"Mpana wa nini? Uzi mpana ni wa mapipa."

"Vumbi la Tunduma litaziba uzi mwembamba. Na nataka bibi kizee aifungue kwa mkono, bila bisibisi, bila koleo."

"Huyo bibi kizee atakuwa na kazi gani nyingine, afungue-fungue chupa?"

"Abadilishe kioo, babu! Asinunue chupa nyingine mpaka afe!"

"Haya, Nusu Nyusi. Lete hiyo kalibu yako."

Uliichonga ile kalibu, umbo la kitako, kwa mbao ya mparachichi, wiki tatu. Kitako cha kwanza kikatoka na matundu. Cha pili kikapasuka kwenye mashine ya kukerezea. Cha tatu kikaingia. Bati ulilitoa kwenye chupa yangu ya zamani ya maua mekundu, mpira wa kukalia kioo ulikata kwenye tyubu ya lori, mkono ulishikwa na pini moja tu, ukiichomoa mkono unatoka. Jioni hiyo ulikaa hapa hapa nilipokaa sasa, ukafumba macho, ukaifungua, ukatoa kioo, ukaweka kingine, ukaifunga. Ukafanya tena. Ukafanya tena. Mimi nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, nimesahau kuitua. Sekela, ilifunguka kila mara. Naomba uyashike hayo maneno. Mimi ndiye shahidi.

Halafu zikaja zile habari za Vwawa, kwamba wanachaguliwa vijana wenye kitu walichobuni, na atakayechaguliwa anakwenda chuo moja kwa moja. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne. Hukulala siku tatu. Mimi ndiyo usiseme, nilikuwa naomba mpaka napata kiungulia.

Siku moja kabla, wewe uko saluni unasukwa, nikaichukua ile chupa. Hili unalijua, nilikuomba, ukasema, "Chukua mama, ila usiidondoshe." Nilitaka madereva waione. Ndiyo hivyo. Mimi Ramani, nilitaka nipite kwenye foleni nimebeba kitu kilichotengenezwa na mwanangu, watu waseme. Nikaijaza chai. Lori la nne nikamkuta yule Mzambia tuliyekuwa tunamwita Ba Chanda, mtu mzuri, mcheshi, chai yake sukari vijiko vitano. Nikamwonyesha. "Bamayo!" yaani mama, kwa lugha yao. "Hii chupa mwana wenu ndiye alitengeneza? Mwana wa kike?" Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza-geuza, akazungusha kitako kama mtu anavyozungusha kitu chochote kinachozunguka. Kikafunguka. Si ndivyo ulivyotaka? Kikamjia mkononi, kioo kikashuka, chai yote kwenye viatu vyake, kioo akakidaka na tumbo.

Hakukasirika. Alicheka tu. Lakini walikuwa wamekusanyika kama watu saba, na mmoja wa hapa hapa kwetu akasema kwa sauti, "Mama Sekela, chupa yako imevaa suruali bila mkanda!" Wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Vya kuunga-unga hivyo, mama. Mnunulie mtoto ya dukani akaionyeshe hiyo hiyo." Hata mimi nilicheka, unajua ninavyocheka nikiumia, kile kicheko cha juu juu. Ndani nilikuwa nimerudi Ibaba na kiraka chekundu mgongoni.

Nikawaza: kesho mtoto atasimama mbele ya wakubwa, mmoja ataishika hivi hivi, itavukwa na suruali, watacheka. Nikamwomba Ba Chanda kitu cha kushika. Akafungua sanduku la vifaa akanipa gundi, ile ya tyubu mbili, nyeusi na nyeupe, unazichanganya. "Chukua, bamayo. Hii inashika hata tangi la mafuta."

Niliipaka mimi, Sekela.

Nilichuchumaa katikati ya malori mawili, nikachanganya juu ya kipande cha boksi, nikaipaka kwenye ule uzi mpana wote, kuzunguka, na kuzunguka tena. Nikafunga kitako kwa nguvu zangu zote. Iliyotokeza nje nikailainisha kwa kidole, nikaifuta na pindo la kanga mpaka ule ufa wa kati ya bati na kitako ukapotea. Nikainyanyua juani nikaitazama. Ilikuwa kama ya dukani. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi. Nilidhani nimekusaidia. Nilidhani wakubwa watapenda kitu imara. Miaka yote hiyo nakusikia ukisema ifunguke, ifunguke, nikadhani ni kitu cha pembeni, cha siku ya kuharibika tu. Sikuelewa kwamba kufunguka ndiyo kazi yenyewe.

Jioni ukaniuliza, "Mama, hukuidondosha?" Nikasema sikuidondosha. Ukaitazama juu juu kwa taa ya simu, ukasema, "Mbona imependeza hivi?" Nikasema nimeisafisha. Ukaifunga kwenye kitenge. Hukuijaribu, ulikuwa umeijaribu mara ngapi? Ulikuwa unaiamini.

Ya Vwawa unayajua, lakini hujui nilivyoyaona mimi. Nilikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, na yule mama wa Isansa aliyekuwa amemleta kijana wake. Ulisimama vizuri. Ulisema vizuri, sauti haikutetemeka. Ulisema, "Chupa hii haitupwi. Kila kipande kinatoka na kila kipande kinarudi." Yule mama akanigusa na kiwiko, "Wa kwako?" Nikasema wa kwangu. Halafu yule baba mwenye miwani, pale kwenye meza ya wakubwa, akasema, "Haya binti, tufungulie tuone."

Ukashika. Ukazungusha. Mimi, naapa, mpaka sekunde hiyo nilikuwa sijafikiri kwamba watasema ufungue. Nikaona mishipa ya mkono wako imesimama. Ukacheka kidogo, ukafuta kiganja kwenye sketi, ukashika tena. Ukaomba kitambaa. Mtu akaleta koleo. Bati likajikunja, halafu likaja lile pah ninalolijua, na ukumbi mzima ukasikia vipande vinamwagika ndani. Yule baba alisema kwa upole, wala hakukusudia ubaya, "Binti, sasa hii ina tofauti gani na zile za dukani?"

Ningeweza kusimama. Toka benchi langu mpaka ile meza ni hatua kumi. Ningesema, "Jamani, ni mimi, nimeipaka gundi, mtoto hana kosa, mpeni siku moja alete nyingine." Wangecheka, wangeniita mama mshamba, na pengine wangekupa hiyo siku moja. Niliyafikiria yote hayo nimekaa. Miguu ilikuwa yangu, haikuwa na ugonjwa. Nilikaa.

Tukarudi. Hukulia kwenye gari. Tulipoiacha Vwawa nyuma kidogo ukasema, "Babu kakosea uzi." Ukasema kama mtu anayejisemea. Nami nikatazama nje, kahawa imeanikwa, nikasema, "Labda mikono imezeeka." Unakumbuka nilisema hivyo? Wewe ulikuwa unatafuta pa kuuweka ule uchungu, mimi nikakuonyesha mahali.

Ukaenda kumwambia babu maneno yale mbele ya wateja. Sikuwepo lakini nilisimuliwa na zaidi ya mmoja. Kwamba ulimwambia, "Umeniua, babu. Kama mikono inatetemeka si ungesema?" Na kwamba ulimrushia ile chupa miguuni, na yeye akaiokota.

Kesho yake alikuja hapa, wewe umelala na homa. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akaiweka chupa chini kati yetu. Alikuwa ameikata kwa msumeno. Ndani ya uzi ilikuwa nyeusi tupu.

"Mama Sekela, hii ni nini?"

Nikakoroga maharage.

"Mimi sina gundi hii. Mtoto hana gundi hii. Angekuwa nayo asingehangaika na uzi miezi minne."

"Ni mimi, mzee."

Maharage yakachemka kufurika, akainuka akaepua sufuria yeye. Halafu akasema, "Utamwambia?"

"Nitamwambia. Apone kwanza."

"Mwambie wewe. Mimi siingii kwenye nyumba ya mtu na mtoto wake. Lakini usichelewe. Yule ananipita sasa kama anapita nguzo."

Homa ikapona. Nikasema akirudiwa na nguvu. Ukarudiwa na nguvu. Nikasema apate kazi kwanza, atulie. Ukapata pale kwenye duka la simu. Nikasema Pasaka. Pasaka ikapita. Mwanangu, mimi siyo mwongo wa kuzaliwa, unanijua, nikikuta chenji imezidi nafukuzana na lori kuirudisha. Lakini uongo huu sikuhitaji hata kuusema, ulikuwa unajiendesha wenyewe, mimi nilikuwa nakaa kimya tu. Wanawake kisimani wakaanza, "Mzee Hamisi siku hizi mikono haifai, hata mtoto wa Mama Sekela aliharibiwa." Wakapeleka sufuria zao kwingine. Nami, ili isionekane ajabu, sufuria yangu kubwa ya maandazi ilipotoboka nikaipeleka kwa fundi mwingine kule Chapwa. Nilipita nayo mbele ya mlango wake. Aliiona. Alikuwa ameisubu yeye.

Ningekufa na siri hii, nadhani. Ningekuacha uende na mimi nibaki nayo. Kilichonivunja ni wiki iliyopita, ulipopata barua ya chuo kwa jasho lako mwenyewe, ukanionyesha mchoro mpya. Ulikuwa na furaha. Ukaniambia, "Mama, hii haifunguki kabisa. Imeshikana kipande kimoja. Nimejifunza, ukimpa mtu kitu cha kufungua siku moja kitakuaibisha. Kikiharibika atanunua kingine, basi." Ukacheka. Ulikuwa unaongea kama yule mtu uliyemkasirikia nyuma ya choo. Ulikuwa unaongea kama mimi.

Nikaona nilichofanya. Nilikuwa nahesabu kwamba nimekunyang'anya wewe nafasi ya Vwawa, na mzee jina lake. Sikujua kwamba nimekutia na fundisho la uongo kichwani, na kwamba unalibeba kwenda nalo chuoni, ukalijengee maisha yako yote. Sweta ukisahau nitalituma na basi. Hili nisipolitoa leo sijui nitalituma na nini.

Kwa hiyo nisikilize, mimi nisiyejua kuchora. Uzi wako ulikuwa sahihi. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Mkono wa babu haukutetemeka. Ilishindwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na aibu ya kiraka akaona afadhali kitu kisifunguke kuliko kionekane kimeungwa. Huko uendako utawakuta watu wa namna yangu wengi, wengine wamesoma, na watakuwa na sababu nzuri kuliko zangu. Sikwambii uwafanye nini. Mimi mwenyewe sikujua kunifanya nini. Nakwambia tu kwamba hata anayekupenda anaweza kuja na gundi, na atakuwa anatabasamu, kwa hiyo ijaribu tena, hata kama uliijaribu jana. Hata kama aliyekuwa nayo ni mama yako.

Leo mchana, uliponiona nimevaa kitenge kizuri ukaniuliza nakwenda wapi nikasema sokoni, nilikwenda kwa Mzee Hamisi. Alikuwa anamimina, hakunitazama mpaka alipomaliza.

"Miaka miwili, Mama Sekela," akasema. "Sufuria naisubu kwa siku moja. Wewe neno moja, miaka miwili."

Nikapiga magoti pale kwenye majivu, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanasubiri masufuria, nikasema yote kwa sauti, na jina langu nikataja, na nikasema wakawaambie na wa kisimani. Mmoja akasema, "Hee! Mama Sekela!" Mwingine akaniangalia tu vile ambavyo nilikuwa naogopa kuangaliwa tangu nikiwa darasa la nne. Siyo kwamba haikuuma. Iliuma. Lakini nilitoka pale natembea.

Mzee hakunisamehe, sitakudanganya tena. Alisema, "Inuka, unachafua kitenge." Nilipomwambia nitakutuma uje umwombe radhi, hapo ndipo alipokasirika: "Aniombe radhi ya nini? Alidanganywa. Mwambie kalibu yake ya mparachichi iko juu ya rafu, sijaichoma. Nikitoka msikitini alfajiri nafungua mlango. Asipokuja, basi, nitaelewa vilevile."

Basi lako linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Toka hapa kwake ni mwendo wa dakika tano.

Nilikuwa nimepanga barua hii niichomeke kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uikute ukiwa umeshapita Mbeya, unikasirikie huko huko mbali, na mimi niwe nimeshakukumbatia stendi, nimeshalipata kumbatio la kuaga. Nilikuwa nimeshafungua zipu. Nikaona ndiyo yale yale ya benchi la nyuma. Kwa hiyo ukiingia sasa hivi nitakupa mkononi, halafu nitatoka nje nikae kwenye ngazi. Chukua muda wako. Kama una la kuniambia, hata liwe la kunitoboa, njoo uniambie. Kama huna, pita tu, na alfajiri uende kwa babu yako, begi nitakubebea mimi kesho mpaka stendi, nitatembea nyuma. Na kama hutaki nifike stendi, niambie, nitaishia kwenye kona ya mashine ya kusaga. Sitalia mpaka ugeuke.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka na mama Rehema. Unakuja.

Ni mimi mama yako, niliyeipaka ile gundi.